Gaidi Anaihitaji Hasira Yetu

Kila bomu linapolipuka katika nchi zetu, kabla hata maiti hazijatambuliwa, husikika kauli tatu. Ya kwanza: magaidi hawana haki za binadamu. Ya pili: jamii yao inawajua na inawaficha, kwa hiyo ibanwe mpaka iwatoe. Ya tatu husemwa kwa upole zaidi, na ndiyo hatari kuliko zote: asiye na hatia hana la kuogopa. Utazisikia bungeni, redioni asubuhi, ndani ya matatu na daladala, na hata mimbarini. Zimerudiwa mno hata anayezipinga huonekana mtetezi wa wauaji.

Nazipinga. Na kabla sijaitwa mtetezi wa mtu yeyote, niwataje wauaji kwa matendo yao. Agosti 7, 1998, kwa mabomu kwenye balozi za Marekani, waliua watu 213 Nairobi na 11 Dar es Salaam, wengi wao wapita njia na makarani wasiokuwa na ugomvi na Marekani wala na Al-Qaeda. Septemba 2013 waliua watu 67 katika jumba la maduka la Westgate, Nairobi. Aprili 2, 2015, waliingia Chuo Kikuu cha Garissa alfajiri, wakawatenga wanafunzi kwa dini zao, na hadi jioni watu 148 walikuwa wamekufa. Hakuna dhuluma duniani inayohalalisha kumwamsha mwanafunzi kwa bunduki na kumuuliza anasali wapi. Walioyafanya hayo wanastahili jela, na waliowatuma pia.

Ninapotofautiana na wenye kauli zile tatu ni kwenye matokeo. Wao wanaamini kwamba ukali wa dola hupunguza magaidi. Mimi nasema ukali usiochagua huwaongeza. Kundi la watu mia kadhaa linajua haliwezi kuishinda serikali yenye jeshi, polisi na hazina. Linachoweza ni kuichokoza mpaka impige asiyehusika, kisha liende kwa huyo aliyepigwa na kumwambia: tulikueleza kwamba hawa ni adui zako. Wahenga walisema hasira hasara, na katika jambo hili hasara yetu ndiyo faida ya gaidi.

Tuanze na sababu, kwa kuwa sera mbaya hutokana na maelezo mabaya. Maelezo mawili ndiyo yanayotawala. Ya kwanza yanasema tatizo ni dini: kijana hupotoshwa madrasa, akatoka huko na mkanda wa mabomu. Ya pili, yanayopendwa na wafadhili na wanasiasa wa mrengo wa huruma, yanasema tatizo ni umaskini: mpe kijana kazi, ataacha bunduki.

Haya ya dini hayasimami mbele ya ushahidi. Mwaka 2017 Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, lilitoa ripoti iliyotokana na mahojiano na watu 495 waliojiunga kwa hiari na makundi kama Al-Shabaab na Boko Haram. Asilimia 57 kati yao walikiri kwamba maandiko ya dini hawayaelewi, au wanayaelewa kidogo tu. Tena, kusoma dini kwa miaka sita au zaidi kulionekana kupunguza uwezekano wa mtu kujiunga kwa hadi asilimia 32. Maana yake ni kwamba mwalimu wa madrasa, ambaye hutiliwa shaka kabla ya mtu mwingine yeyote, mara nyingi ni mwenzetu katika vita hivi. Na wauaji wenyewe wanalijua hilo vizuri kuliko sisi. Juni 2014 Mombasa alipigwa risasi Sheikh Mohammed Idris, mwenyekiti wa Baraza la Maimamu na Wahubiri wa Kenya, mtu aliyekuwa akiwapinga hadharani vijana wa msimamo mkali waliotaka kuiteka misikiti. Kama dini ndiyo ingekuwa chanzo, mashehe wasingekuwa miongoni mwa wanaowindwa.

Maelezo ya umaskini yana ukweli kidogo zaidi, lakini nayo hayatoshi. Mmoja wa walioshambulia Garissa alikuwa mhitimu wa sheria wa Chuo Kikuu cha Nairobi na mtoto wa chifu wa Mandera. Aliyetajwa na polisi kuwa kinara wa shambulio la hoteli ya DusitD2 jijini Nairobi, Januari 2019, alitoka katika familia ya mwanajeshi. Kwa upande mwingine, Turkana ni miongoni mwa kaunti maskini kupindukia nchini Kenya, na hakuna anayeihesabu kuwa chimbuko la ugaidi. Njaa peke yake haimfanyi mtu kuwa muuaji wa watu asiowajua.

Mtu makini ataniambia kwamba ripoti ya pili ya UNDP, ya mwaka 2023, ilionyesha kuwa robo ya waliojiunga walitaja ukosefu wa ajira kuwa sababu kuu. Ni kweli, nami sipuuzi. Lakini vijana wasio na kazi Afrika Mashariki ni mamilioni, na waliojiunga ni wachache sana. Swali la maana ni lile linalotenganisha hawa na wale. Ripoti ya 2017 iliuliza hivyo hivyo: ni tukio gani hasa lililokufanya ukate shauri? Asilimia 71 walitaja kitendo cha serikali, ikiwemo ndugu au rafiki kuuawa, au ndugu au rafiki kukamatwa.

Takwimu hiyo haisemi kwamba serikali iliwatuma kuua. Inasema kwamba mtu anaweza kuishi na manung'uniko miaka mingi, akayasikia mahubiri ya chuki na kuyaacha yapite, mpaka usiku askari wanapovunja mlango na kuondoka na kaka yake. Asubuhi yake yule mhubiri aliyekuwa akipuuzwa anaonekana alisema kweli.

Wapo wanaodai kwamba haya ni mambo mapya yaliyoletwa na Al-Shabaab. Wasome historia ya Kaskazini Mashariki ya Kenya. Baada ya vita vya Shifta vya miaka ya 1963 hadi 1967, eneo hilo liliendelea kutawaliwa kwa sheria za hali ya hatari mpaka 1991, kana kwamba uhuru uliishia mtoni Tana. Februari 1984 wanaume walikusanywa katika uwanja wa ndege wa Wagalla, karibu na Wajir, wakawekwa juani siku kadhaa bila maji, kisha wakauawa. Serikali ilikiri vifo 57. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya 2013, ilisema huenda waliokufa walikaribia elfu moja. Mwaka 1989 Wakenya wa asili ya Kisomali waliamriwa wapigwe msasa na kupewa kadi za pekee kuthibitisha uraia wao. Kijana wa Garissa anayeomba kitambulisho aliendelea kupelekwa mbele ya kamati ya kumhoji kama ni Mkenya kweli, jambo ambalo mwenzake wa Nyeri hakulijua, hadi Rais Ruto alipotangaza kuuondoa utaratibu huo Februari 2025.

Mtu aliyezaliwa katika historia hiyo hahitaji mhubiri kumfundisha kwamba dola inamwona mgeni. Mhubiri huja tu kumwonyesha pa kuipeleka hasira yake. Na sisi, badala ya kumnyima mhubiri huyo mifano, tumekuwa tukimwongezea.

Mfano mkubwa ni Aprili 2014. Baada ya milipuko iliyoua watu sita Eastleigh, mtaa wa Nairobi wenye Wasomali wengi, mwishoni mwa Machi, serikali ya Kenya ilianzisha operesheni Usalama Watch. Watu wapatao 4,000 walikamatwa, wengi wao Wasomali, wakimbizi kwa raia, na wengi wakapelekwa uwanja wa michezo wa Kasarani kupigwa msasa. IPOA, mamlaka huru inayosimamia mwenendo wa polisi, ilichunguza ikakuta seli zilizofurika, watu waliozuiliwa kupita saa 24 zinazoruhusiwa na Katiba, na malalamiko mengi ya hongo. Wakazi wa Eastleigh walikuwa na maneno yao: polisi wametufanya ATM. Mwenye kitu kidogo alitoka, asiyekuwa nacho akalala sakafuni. Watetezi wa msako ule hawajawahi kujibu swali moja jepesi: gaidi aliyepewa fedha za safari, za nyumba na za silaha, atakosaje fedha za kumpa askari? Aliyebaki Kasarani alikuwa mchuuzi wa viazi karai na mama mwenye watoto.

Tutazame yaliyofuata. Mei 2014 mabasi yalilipuliwa barabara ya Thika, na soko la Gikomba likalipuliwa. Juni, zaidi ya watu 60 waliuawa Mpeketoni na vijiji vya jirani, kaunti ya Lamu. Novemba, abiria 28 wasio Waislamu walitolewa kwenye basi Mandera wakauawa. Desemba, wachimba mawe 36 waliuawa huko huko Mandera. Aprili 2015 ikaja Garissa. Mwaka uliofuata msako ule mkubwa ulikuwa mmoja wa miaka ya damu nyingi zaidi. Sisemi msako ulizaa mauaji hayo, kwani mengi yalipangwa ng'ambo ya mpaka. Nasema Wakenya waliambiwa mateso ya Eastleigh ni bei ya usalama. Bei ililipwa, bidhaa haikuletwa.

Wala isingeweza kuletwa, kwa kuwa msako wa kutazama pua na nywele za watu haujui unachokitafuta. Washambuliaji wa DusitD2 hawakulala Eastleigh. Walipanga nyumba Muchatha, kaunti ya Kiambu, kwenye mtaa wa watu wa kawaida. Kinara wao alikulia Isiolo, na aliyejilipua alitoka Majengo, Mombasa. Watu 4,000 wa msako ule wangezuiliwa mwaka mzima na bado hao wasingekutwa miongoni mwao.

Nasikia jibu: basi tuwaache wenye kuchochea? Tuwaache wahubiri wa chuki wakiwaharibu watoto wetu? Hapana. Lakini tuitazame dawa iliyotumika Pwani. Agosti 27, 2012, Sheikh Aboud Rogo, ambaye mahubiri yake ya kuwasifu wapiganaji wa Somalia yalikuwa yakisambaa kwa kanda na CD, alipigwa risasi mchana kweupe Mombasa, akiwa garini na familia yake. Wakati huo alikuwa na kesi mahakamani. Oktoba 2013 aliuawa Sheikh Ibrahim Omar, na Aprili 2014 Abubakar Shariff, maarufu kama Makaburi. Polisi walikana kuhusika, na hadi leo hakuna aliyehukumiwa kwa vifo hivyo. Katikati ya hayo, Februari 2014, polisi waliuvamia msikiti wa Masjid Musa na kuwakamata watu zaidi ya mia moja.

Je, kinywa cha Rogo kilifungwa? Mombasa iliwaka kwa ghasia, makanisa yakashambuliwa, askari wakauawa kwa guruneti. Mahubiri yake yakaendelea kuuzwa, sasa yakiwa na heshima ya shahidi. Watafiti waliochunguza chimbuko la uasi wa Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, wameeleza kwamba kanda za Rogo ziliwafikia vijana wa huko, na kwamba baadhi ya wafuasi wake waliteremka kusini baada ya kifo chake, wakipitia Tanzania. Mwaka 2017, huko Tanzania, Kibiti, Rufiji na Mkuranga zikawa mahali ambapo viongozi wa vijiji na askari walikuwa wakiuawa. Oktoba mwaka huo huo kundi lililoshambulia vituo vya polisi Mocímboa da Praia lilifungua vita ambavyo vimewafukuza watu wanaokaribia milioni moja makwao, na Oktoba 2020 vikavuka Mto Ruvuma hadi kijiji cha Kitaya, Mtwara. Mhubiri aliyekuwa na kesi Mombasa akawa mwalimu wa watu asiowahi kuwaona.

Na huko Msumbiji somo ni lile lile. Rubi ziligunduliwa Montepuez mwaka 2009, wachimbaji wadogo wakamiminika, kisha mapema 2017 wakafukuzwa kwa nguvu na dola ili kampuni ichimbe peke yake. Gesi asilia ikagunduliwa baharini, wavuvi wa Palma wakahamishwa. Kundi lenye itikadi yake lilikuwepo tayari. Ila liliwakuta vijana waliokwisha kuambiwa kwa vitendo kwamba utajiri wa ardhi yao si wao.

Nigeria iliyaonja haya kabla yetu. Mohammed Yusuf, mwanzilishi wa Boko Haram, alikamatwa akiwa hai Julai 2009, akauawa mikononi mwa polisi. Waliokuwa wakishangilia walidhani jambo limekwisha. Mwaka uliofuata kundi lilirudi chini ya Abubakar Shekau, likiwa katili maradufu. Somalia nayo: Al-Shabaab ilikuwa tawi dogo la vijana ndani ya Umoja wa Mahakama za Kiislamu mpaka Ethiopia ilipoivamia nchi hiyo Desemba 2006. Uvamizi uliokusudiwa kuwamaliza ndio uliowapa bendera ya uzalendo na maelfu ya wapiganaji. Majeshi ya Ethiopia yalipoondoka Januari 2009, kundi lile dogo lilikuwa linashika sehemu kubwa ya kusini.

Wanaosema mahakama huwaachia magaidi watazame kesi za mabomu ya 1998, kwa kuwa zinahusu damu yetu. Watu wanne walishtakiwa New York katika mahakama ya kawaida. Mmoja wao alikuwa Mzanzibari, Khalfan Khamis Mohamed, aliyekamatwa Cape Town. Wote wanne walipatikana na hatia mwaka 2001 na kufungwa maisha. Mtanzania mwingine, Ahmed Khalfan Ghailani, alipitishwa njia ya mkato: magereza ya siri ya CIA, kisha Guantánamo. Alipofikishwa mahakamani mwaka 2010, jaji alimkataa shahidi muhimu kwa sababu alipatikana kutokana na mahojiano ya kulazimisha. Katika mashtaka 285, Ghailani alionekana na hatia katika shtaka moja tu. Lilitosha kumfunga maisha, lakini mashtaka 284 yalianguka, yakiwemo ya mauaji ya watu wale 224. Familia za waliokufa zilinyimwa hukumu kamili na hao hao waliodai kuwapigania kwa kutumia mabavu.

Tanzania haijajifunza vya kutosha. Viongozi wa UAMSHO, jumuiya ya Kiislamu ya Zanzibar, walianza kukamatwa 2012, wakafunguliwa mashtaka ya ugaidi Bara mwaka 2014, na wakakaa rumande mpaka Juni 2021, Mkurugenzi wa Mashtaka alipoifuta kesi. Hakuna hukumu iliyotolewa. Kama walikuwa na hatia, umma ulinyimwa ukweli. Kama hawakuwa nayo, waliporwa miaka ya maisha yao. Vyovyote iwavyo, hakuna mtu hata mmoja aliyekuwa salama zaidi kwa sababu ya kesi isiyosikilizwa.

Nije kwenye hoja nzito kuliko zote za wapinzani wangu. Wanasema: tangu DusitD2, Nairobi haijapata tena shambulio kubwa, kwa hiyo mkono wa chuma umefanya kazi. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama baada ya Garissa kungekuwa na mkono wa chuma peke yake. Lakini ndipo mambo yalipoanza kubadilika. Serikali ilimteua Mohamud Ali Saleh, balozi wa zamani na mwenyeji wa Kaskazini Mashariki, kuratibu usalama wa eneo hilo. Alianza kwa kuongea na wazee, mashehe na wenyeji kwa lugha yao, na taarifa zikaanza kutiririka. Aprili 2015 serikali ilitangaza msamaha kwa vijana waliotaka kurudi kutoka Somalia. Mwaka 2016 ukazinduliwa mkakati wa taifa wa kukabili misimamo mikali, na kaunti za Pwani, Kwale na Mombasa zikiwa mbele, zikaandika mipango yao pamoja na asasi za kiraia. Vikosi navyo vilijifunza. Westgate polisi na jeshi walikosa uratibu hata wakarushiana risasi, na baadaye wanajeshi wawili wakafukuzwa na kufungwa kwa wizi wa mali ya maduka. Garissa ilishambuliwa alfajiri, kikosi maalumu cha polisi cha Recce kikaingia bwenini jioni. DusitD2 vikosi vilifika mapema, vikafanya kazi kwa amri moja, na zaidi ya watu 700 wakaokolewa. Huo ni ustadi, na ustadi hauna undugu na ukatili.

Pale palipotegemewa nguvu zaidi, vita havijaisha. Operesheni Linda Boni ilianza Septemba 2015 katika msitu wa Boni unaofika Lamu, ikitarajiwa kudumu siku 90. Januari 2020 kambi ya jeshi ya Manda Bay, Lamu, ilishambuliwa, Januari 2022 watu wa Widho, Lamu, waliuawa na nyumba zao kuchomwa, na Juni 2023 damu ikamwagika tena katika vijiji vya Lamu. Lamu ni kaunti ya madai ya ardhi ya tangu miaka ya sitini, ambayo hakuna kifaru kinachoweza kuyasikiliza.

Kama bado unaamini kwamba jamii inawaficha magaidi, kumbuka Desemba 2015. Mwaka mmoja na mwezi baada ya abiria 28 kuuawa, basi jingine lilisimamishwa kaunti ile ile ya Mandera, na wauaji wakadai tena Waislamu wajitenge na Wakristo. Safari hii Waislamu walikataa. Wanawake waliwapa wenzao mitandio wajifunike, wengine wakawaambia wauaji wawaue wote au wawaache wote. Mwalimu mmoja Mwislamu alipigwa risasi na kufa majuma machache baadaye. Hakuna askari aliyewaamuru. Wale ndio watu ambao kauli ya pili inataka wabanwe.

Sasa hii kauli ya tatu: asiye na hatia hana la kuogopa. Human Rights Watch, katika ripoti ya Julai 2016, iliandika visa 34 vya watu waliochukuliwa na vikosi vya usalama Nairobi na Kaskazini Mashariki katika operesheni dhidi ya ugaidi, wasionekane tena. Hatujui nani kati yao alikuwa na hatia, na hatutajua kamwe, kwa sababu hawakufikishwa mbele ya hakimu. Siku chache baada ya Garissa serikali ilifunga akaunti za Haki Africa na MUHURI, mashirika ya Mombasa yaliyokuwa yakiandika habari za waliopotea, na ikasimamisha kampuni 13 za kutuma fedha ambazo familia nyingi za Kisomali huzitegemea kwa chakula na karo. Mahakama Kuu iliyasafisha mashirika hayo mwaka huo huo wa 2015, kama ilivyokuwa imefuta vifungu vinane vya sheria ya usalama iliyopitishwa bungeni kwa fujo Desemba 2014. Wasio na hatia walikuwa na mengi ya kuogopa.

Na hofu hiyo ina gharama tusiyoihesabu. Yule chifu wa Mandera, baba wa mshambuliaji wa Garissa, alikuwa amekwisha kutoa taarifa kwa wakuu wa serikali kwamba mtoto wake ametoweka na anahofia ameenda Somalia. Baba alitimiza wajibu wake. Waliopaswa kuifanyia kazi taarifa yake hawakumzuia mwanawe, na hapakuwa na haki ya binadamu yoyote iliyowafunga mikono. Sasa mfikirie mzazi mwingine, wa Majengo, wa Kwale au wa Kibiti, aliyeona mwanawe amebadilika, anafunga mlango wa chumba, anapokea simu usiku. Akiamini kwamba akienda kituoni mtoto atakamatwa, atahojiwa mbele ya wakili na atafikishwa kortini, ataenda akilia. Akiamini kwamba akienda kituoni mwili utaokotwa porini, atanyamaza na kuomba Mungu. Kwa kila kijana anayepotezwa, tunawanyamazisha wazazi kadhaa ambao wangekuwa macho yetu. Hakuna kamera wala ndege isiyo na rubani inayoweza kuziba pengo la mzazi aliyenyamaza.

Wanaosema haki za binadamu ni za magaidi tu wajiulize pia wamewafanyia nini wahanga. Manusura wa Agosti 7 wamekuwa wakidai fidia kwa zaidi ya robo karne. Wapo waliopoteza macho siku ile na bado wanazunguka ofisi kwa ofisi na faili mkononi. Fedha za operesheni hupatikana usiku mmoja, lakini za kumtibu aliyelipuliwa husubiri bajeti ijayo. Ukali wetu umekuwa njia rahisi ya kuonekana tunafanya jambo.

Ninachodai kinatekelezeka. Kila mshukiwa akamatwe kwa jina na kwa kosa, afikishwe mbele ya hakimu ndani ya saa 24, na kesi isikilizwe. Kisa cha kila aliyepotea mikononi mwa dola kichunguzwe, na askari aliyemwua ashtakiwe kama muuaji mwingine yeyote. Polisi wapimwe kwa kesi walizoshinda, waache kujisifu kwa wingi wa watu waliowajaza kwenye malori. Anayerudi kutoka Somalia kwa ahadi ya msamaha aikute ahadi hiyo, maana mmoja akiuawa baada ya kujisalimisha, mia watabaki msituni. Migogoro ya ardhi ya Lamu isikilizwe na wenye mamlaka ya kuiamua. Na wahanga walipwe.

Samaki mmoja akioza, wote wameoza: methali hiyo inafaa sokoni. Serikali inayoigeuza kuwa sera ya usalama inamfanyia gaidi kazi yake. Kwa hiyo msomaji, shambulio jingine likitokea, na kiongozi wako akaahidi kuibana jamii fulani mpaka iwatoe wauaji, usimpigie makofi. Muulize ni kesi ngapi amezifikisha mwisho mahakamani, na ni wazazi wangapi wa jamii hiyo wanathubutu kuingia kituo chake cha polisi. Akishindwa kujibu, jua hana mpango wa kukulinda.